Mahari ya Shangazi Wakio kwa Bei ya Leo

Jumatatu asubuhi baba aliingia kwenye saiba yangu hapa Voi, akawapita watu wanne waliokuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, akaweka daftari lake juu ya kibodi yangu.

"Tryphena, niangalizie. Mwaka wa sabini na sita, shilingi ya Tanzania ilikuwa ngapi kwa yetu?"

"Baba, kuna watu."

"Nimewaona. Lakini hili ni jambo la mwili wa shangazi yako."

Wale watu wanne wakanigeukia kwa huruma, na mmoja akaanza kunipa pole. Ikabidi nieleze kwamba shangazi yangu yu hai, tena asubuhi hiyo alikuwa amekunywa uji vikombe viwili. Baba hakuona haja ya kueleza lolote. Yeye ni Mwalimu Mwandawiro, amefundisha hesabu katika shule za msingi miaka thelathini na minane, na anaamini kila swali duniani lina jibu lake nyuma ya kitabu. Nampenda, lakini kuna siku natamani ningezaliwa na fundi wa viatu.

Mambo yalikuwa hivi. Shangazi Wakio, dada wa pekee wa baba, aliolewa mwaka wa 1976 na Elieza, Mpare wa Mwanga aliyekuwa akifanya kazi ya reli hapa Voi. Wakati huo reli ilikuwa moja, ya nchi zote tatu, na Mpare kufanya kazi Voi halikuwa jambo la kushangaza mtu. Mwaka uliofuata nchi zikakosana, reli ikagawanywa, Elieza akarudishwa kwao na shangazi akamfuata. Mwaka huohuo mpaka wa Taveta ukafungwa, ukakaa umefungwa karibu miaka saba.

Sasa shangazi ana miaka sabini na mmoja. Elieza alikufa zamani, watoto hawakujaliwa, na mwezi wa nane daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka na dawa zitausaidia kwa muda tu. Akakunja nguo zake, akavuka mpaka pale Holili, akaja kwa kaka yake kijijini Mraru na mkoba mmoja. Alisema jambo moja: "Nataka kulala karibu na mama." Kaburi la nyanya liko nyuma ya nyumba yetu. Ndovu kutoka upande wa Ndara hupita hapo kila msimu wa mahindi, wanamaliza kila kitu, lakini kaburi hawajawahi kulikanyaga.

Kwetu mwanamke aliyelipiwa mahari huzikwa kwa mumewe. Kwa hiyo baba alimpigia simu Sylus, mdogo wake Elieza na ndiye kichwa cha ile familia siku hizi, kumwomba ruhusa. Sylus alinyamaza mpaka baba akadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, kwa upole wao ule wa Kitanzania, "Sawa, mwalimu. Basi tunaomba mturudishie mali yetu kwanza." Akaaga, akakata.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo baba: kurudisha mahari ya 1976 kabla moyo wa dada yake haujasimama. Asipofanya hivyo, mwili utakuwa wa Upare. Na hapa kwetu tumeona watu wakigombania maiti mahakamani mpaka bili ya mochari inashinda bei ya shamba.

Ndani ya daftari alikuwa amenakili karatasi ya mahari, iliyoandikwa na katekista na kutunzwa katika Biblia ya babu. Mbuzi watano. Blanketi mbili. Mtungi wa asali. Shilingi elfu mbili na mia nne.

Mbuzi hawakumsumbua. Mbuzi wa 1976 ni mbuzi wa leo, ana miguu minne na kelele zilezile. Kilichomkwama kooni ni zile shilingi.

"Moja kwa moja," nikamwambia, nikimgeuzia kioo cha kompyuta. "Mwaka huo yao na yetu zilikuwa sawa."

Alifurahi mpaka akasahau miwani yake mezani. Nusu saa baadaye akapiga simu.

"Na leo je?"

"Leo yetu moja ni yao kumi na tisa na ushee."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Kwa hiyo zile elfu mbili na mia nne, kama zilikuwa zao..."

"Ni kama mia moja ishirini na tano zetu."

"Mia moja ishirini na tano! Tryphena, hiyo ni chapati na maharagwe."

"Na chai," nikasema. Nilikuwa natania, lakini baba alikata simu, na najua kwamba hiyo chai ilimuumiza.

Jumanne alikuja na swali lingine. Elieza alikuwa akilipwa Voi, sawa. Lakini sehemu ya mahari ilitoka kwa baba yake huko Mwanga, aliyeuza ng'ombe. Je, zilikuwa noti za nani? Alikumbuka kuziona mezani zikiwa zimechanganyika, maana enzi hizo mtu hakujali sana ni picha ya nani iliyo kwenye noti. Nikamwambia achukue nusu kwa nusu. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekisia jibu.

Jumatano tukaenda kwa Hanif, mwenye duka la vitambaa na blanketi karibu na msikiti, kwa sababu marehemu baba yake aliwahi kufanya biashara Taveta. Baba alikuwa na orodha niliyomchapishia, mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa inamkera kwamba mwaka wa themanini na tatu, mpaka ulipofunguliwa, orodha ilisema shilingi yao ina nguvu kuliko yetu.

Hanif aliisoma akatabasamu. "Mwalimu, hizi ni bei za karatasi. Mpaka ulipofunguliwa, marehemu baba alikwenda Taveta na majora matatu ya kitambaa. Alinihadithia mwenyewe. Ungemwambia akupe shilingi yetu moja kwa yao moja, angekuuliza kama jua limekupiga. Sokoni ilikuwa zao nne, ilikuwa zao tano, na siku nyingine hawataki kabisa."

"Sasa ya kweli ni ipi? Ya benki au ya soko?"

"Ya benki ilikuwa ya kweli benki. Ya soko, sokoni."

"Haiwezekani swali moja likawa na majibu mawili, Hanif."

"Basi sijui, mwalimu wangu. Blanketi je, nikufungie?"

Jioni hiyo, nyumbani Mraru, mama, anayeitwa Margaret na ambaye hajawahi kupenda hesabu, alizungumza kutoka jikoni. "Kwani ng'ombe ilikuwa pesa ngapi hiyo sabini na sita?"

"Mia nne hivi," baba akajibu.

"Basi Wakio alilipiwa ng'ombe sita. Na ng'ombe leo ni elfu hamsini."

Laki tatu. Baba aliketi chini taratibu. Pensheni yake naijua, mimi ndiye humtolea kwenye simu. Tulikuwa na majibu matatu kwa swali moja: chakula cha mchana, bei ya viatu vizuri kama ni moja kwa moja, au kila kitu tulichonacho na deni juu yake.

Ijumaa nilimkuta sebuleni na karatasi ya grafu. Alikuwa ameweka nukta arobaini na tisa, moja kwa kila mwaka, akaziunganisha kwa rula. Mstari wa thamani ya shilingi yao ulianza tambarare, ukaporomoka katika miaka ya themanini, ukapanda kidogo, ukaporomoka tena, na mwaka juzi shilingi yetu ilipougua nao ukaruka juu kama umeshtuka. Chini yake alikuwa amejumlisha miaka yote na kuigawanya kwa arobaini na tisa.

"Huo ni wastani wa nini, Baba?"

Akaiweka rula chini.

"Sijui," akasema.

Niliogopa. Katika miaka yangu thelathini na minne sijawahi kumsikia baba akilitamka neno hilo.

Jambo lililonichanganya mimi halikuwa la benki. Kila asubuhi saa moja simu ya shangazi ililia, na aliyepiga alikuwa Sylus, huyohuyo anayetudai. Mama alinihadithia. Anauliza kama shangazi amelala vizuri, kama amekunywa uji, kama dawa ya kupunguza maji mwilini anainywa kabla ya kula au baada. Shangazi anamjibu huku anacheka, anamwuliza habari za ng'ombe na za maumivu ya kiuno chake. Mtu gani huyu, asubuhi anauliza uji na mchana anadai mahari? Nilitamani aje nimwone uso, nimwambie maneno machache ambayo nilikuwa nimeshayapanga.

Jumamosi nilifunga saiba mapema nikaenda Mraru. Shangazi alikuwa barazani akimenya mbaazi, miguu ameiweka juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imevimba. Nikamsaidia kumenya huku nikilalamika.

"Mwambie baba apeleke hizo elfu mbili na mia nne tu, aachane na grafu," nikasema. "Anajitesa bure."

"Hajitesi bure." Alitupa ganda. "Unajua zile pesa zilikwenda wapi?"

"Alizila babu."

"Babu yako hakula hata senti. Mwandawiro alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na karo hakuna. Barua imekaa mezani mwezi mzima. Ndipo Elieza akaja kuposa." Alichagua mbaazi moja mbovu akaitoa. "Mimi nilikuwa nataka kungoja mwaka mmoja. Elieza nilimpenda, usidhani vinginevyo, lakini nilitaka kungoja. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Januari."

Nyumba tuliyokaa mbele yake, karo yangu, hata kompyuta ya kwanza ya saiba, vyote vilitoka kwenye mshahara wa mwalimu.

"Anayajua haya?"

"Nani? Mwandawiro? Yeye ndiye aliyezihesabu."

Sylus alikuja Jumatano iliyofuata, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wao aliyekuwa mkimya na mwenye fimbo. Sylus alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, amebeba mfuko wa mchele begani. Maneno yangu yalikuwa tayari. Lakini alimwamkia baba "shikamoo," akaweka mchele chini, akaenda moja kwa moja kwa shangazi, akapiga goti na kuminya mguu wake kwa kidole.

"Mama, imevimba tena. Chumvi umekula?"

"Kidogo tu."

"Kidogo yako naijua," Sylus akasema, na macho yake yakawa mekundu. Maneno yangu nikayameza.

Tuliketi sebuleni. Mbuzi watano walikuwa wanalia nje, wamefungwa kwenye ua. Baba alikuwa amevaa koti lake la kustaafia na kubandika grafu ukutani. Alieleza kila kitu, kuanzia enzi ambazo pesa zetu zilikuwa moja, mpaka bei za karatasi na bei za soko, chapati na maharagwe, ng'ombe sita. Alieleza vizuri, kama afanyavyo siku zote, na alipomaliza hakuna aliyejua afanye nini na hayo aliyoyasikia. Yule mzee wa fimbo alikuwa amesinzia.

"Mwalimu, samahani," Sylus akasema. "Kwenye simu, mimi nilitaja kiasi?"

"Hukutaja. Ndiyo maana nimetafuta."

Sylus alijifuta uso kwa kiganja. "Kwetu sisi mkwe haambiwi hapana. Ni kukosa adabu. Tulivyofundishwa na wazee, ukitaka kumkatalia mkwe, unamwomba arudishe mali, kwa sababu hakuna mtu anayerudisha mahari ya mke aliyekaa miaka hamsini. Mkwe akisikia hivyo anaelewa, anaacha. Nikangoja uelewe. Kumbe naambiwa unanunua mbuzi."

Mama aliziba mdomo kwa leso. Hata leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

"Kwa hiyo," baba akasema polepole, "ulikuwa umekataa."

"Nilikataa, na bado nakataa. Mama yangu alifariki nikiwa na mwaka mmoja. Huyu alifika kwetu bibi harusi, nikawekwa mgongoni mwake siku hiyohiyo. Mnataka nimwache alale ng'ambo, niwe naomba ruhusa mpakani kwenda kumpalilia kaburi?"

Baba alitazama grafu yake ukutani. Siku kumi za hesabu, na swali lenyewe halikuwa lile. Mimi nami nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, maana nilikuja kumchukia mtu huyu, na kila alilosema lilikuwa la haki.

Ndipo shangazi akazungumza, bila kuinua sauti.

"Sylus. Ulikuwa na miaka mitano uliponikuta nalia jikoni. Ukaniuliza nani kanipiga."

"Nakumbuka."

"Hakuna aliyenipiga. Ilikuwa imefika barua, imepitishwa mkono kwa mkono porini. Mama yangu amekufa, amezikwa, na barua ina miezi minne. Mpaka umefungwa. Sikumwosha, sikumlilia, sikumtupia hata gao moja la udongo." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa zinampungukia. "Nyinyi mnawadai hawa, hawa wanadaiwa na nyinyi, sijui kwa bei ya lini. Mimi nadaiwa na yule aliyelala hapo nyuma. Huyo peke yake. Nawe niliyekulea, usinizuie mlangoni."

Sylus aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti yake. Mbuzi wakalia nje. Alipoinuka alikuwa amelowa mashavu, wala hakujificha.

"Nitapokea," akasema.

"Kwa bei gani?" baba akauliza.

Nilitaka kumpiga na mto wa kiti. Lakini shangazi alicheka, kicheko chake kile cha simu ya asubuhi.

"Kwa bei ya siku niliyotoka hapa, Mwandawiro. Moja kwa moja."

Yule mzee wa fimbo, ambaye kumbe hakuwa amelala, alikohoa. "Mali hurudishwa na mkono ulioila. Aliyekula ni nani? Baba yenu?"

Mama akaanza kusema ndiyo, babu ni marehemu, kwa hivyo mtoto wake... Baba akamnyamazisha kwa mkono. Akasimama.

"Mimi," akasema. "Ilinilipia chuo. Dada yangu alitaka kungoja mwaka mmoja, na mimi nilisikia kupitia ukutani akimwambia mama hivyo, nikanyamaza. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Januari." Akagusa ile karatasi ya grafu. "Nimetafuta bei yake. Sikuipata."

Shangazi hakusema amemsamehe. Alisogeza kigoda kwa mguu wake uliovimba ili baba apite, basi.

Baba akatoa bahasha mfukoni. Noti mbili za elfu, noti nne za mia. Akazihesabu mara mbili kwa sauti, akamkabidhi Sylus kwa mikono miwili. Sylus naye akazihesabu, akazikunja, kisha akatoa noti moja ya mia na kumrudishia.

"Imezidi?" baba akauliza.

"Haijazidi."

"Basi chukua. Bila hiyo hesabu haifungi."

"Nikiichukua itafunga, mwalimu," Sylus akasema. "Halafu siku hiyo nitakuja kumlilia kama nani?"

Baba alibaki amesimama na noti mkononi. Alimtazama Sylus, akamtazama dada yake, akanitazama na mimi, kana kwamba ningeweza kumtafutia jibu kwenye kompyuta. Mwishowe alikaa, akafungua daftari lake ukurasa wa nyuma, na kwa ule mwandiko wake wa ubaoni akaandika: *Imebaki shilingi 100.*

Hakuandika za nchi gani, nami sikumuuliza.